Mwanabaraka na kabati lisilotangaza majina ya watu

Saa moja na nusu asubuhi, Jumanne. Mwanabaraka Suleiman anaondoa kitambaa cha kufuma kilichofunika kompyuta, anakikung'uta mlangoni, anakikunja mara nne. Ndipo anabonyeza kitufe cha kuwashia, mkono wa pili ameuweka juu ya mashine kama anayempima mtoto homa.

"Bismillahi," anasema.

Mashine inakwaruza kidogo, inanyamaza, kisha herufi za kijani zinajitokeza kwenye kioo cheusi: KABATI, TOLEO LA TATU. KADI 3,417. ZOTE ZIPO.

"Umeona hapo?" anamgeukia mwandishi. "Zamani ilikuwaga haisemi hivyo. Ulikuwa unawasha, halafu unaanza kuomba dua."

Nje, kwenye kibaraza cha Zahanati ya Afueni, Mtoni wilayani Temeke, wajawazito kumi na wanane wamekwisha kukaa. Wengine wamevua kandambili na kunyoosha miguu. Leo ni siku ya kliniki, na ni Jumanne ya kwanza ambayo toleo la tatu la programu ya Mwanabaraka linafanya kazi mbele ya watu.

Lakini mama huyu wa miaka arobaini na mmoja hana macho ya kompyuta peke yake. Kila geti la bati linapolia, anainua shingo kuchungulia. Anamngoja mwanamke mmoja.

Mwanamke huyo ana mimba ya miezi minane. Katika uzazi wake wa kwanza, mwaka 1993, alivuja damu hadi akakaribia kufa. Tangu Machi mwaka huu wa 1997 hajakanyaga kliniki, hapo wala pengine, na akijifungulia nyumbani anaweza asipone. Aliyemfanya akimbie ni Mwanabaraka mwenyewe, na hilo anakusimulia kabla hujamwuliza.

"Jina lake sikupi," anasema. "Hata ukininunulia soda."

Basi tumwite binti wa Masasi, maana huko ndiko alikozaliwa, miaka ishirini na mitatu iliyopita.

Mwanabaraka hakuzaliwa na kompyuta mkononi. Kwa miaka kumi na minne alikuwa karani mpiga chapa katika shirika moja la umma mjini. Mwaka 1993 shirika lilipunguza wafanyakazi, na jina lake likawa la sita kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani.

"Nililisoma mara tatu," anakumbuka. "Nikasema huyu ni Mwanabaraka mwingine. Kumbe ni mie."

Wenzake wengi walitumia kiinua mgongo kufungua genge au kununua cherehani. Yeye alitoa shilingi elfu sitini akajiandikisha mafunzo ya kompyuta ya miezi mitatu kule Kariakoo. Ndugu zake walimcheka. Kaka yake alimwuliza kama hiyo kompyuta inaliwa na mchuzi au inaliwa kavu.

Darasani walikuwa watu ishirini na mashine nne. Mwalimu alifundisha kuchapa barua, jambo ambalo Mwanabaraka alilijua kabla mwalimu hajaota ndevu. Kilichomkamata ni somo la wiki ya mwisho, namna ya kuiagiza mashine ipange kumbukumbu na kuzitafuta. Alinunua kitabu cha mitumba, cha Kiingereza, chenye kurasa mia nne, akakisoma na kamusi pembeni.

"Neno moja nililitafuta siku mbili," anasema. "Nikalikuta, maana yake 'fungua'. Nilitamani kukitupa kitabu chooni."

Zahanati ya Afueni ilimwajiri mwaka 1995. Mwenye zahanati, Dokta Valerian, alikuwa na kompyuta aliyopewa na rafiki yake, na hakuna aliyejua kuitumia. Kadi za wagonjwa zilijaza makabati matatu ya mbao, na mchwa walikuwa wamekwisha kulila moja. Mwanabaraka akaandika programu akaiita Kabati.

Sifa ya Kabati ni kwamba ghala la kadi limejengwa ndani ya programu yenyewe. Halihitaji mashine nyingine kubwa ya kulitunza wala mtaalamu wa kuja kulifungua. Programu yote inaenea kwenye disketi moja, na mahali popote penye kompyuta na umeme, Kabati linafunguka. Mshahara wake ni shilingi elfu thelathini na nane kwa mwezi, na kwa kuandika Kabati hakuongezwa hata senti.

Waheshimiwa ambao kompyuta zao zimevikwa mifuko ya nailoni maofisini mwaka mzima wangefika Mtoni wakajionee.

Kikwazo kilikuwa majina. Wakazi wengi wa mitaa hiyo wametoka mikoa ya kusini, na huko mtoto hupewa jina moja akizaliwa, jingine akitoka unyagoni au jandoni. Akibatizwa anapata la tatu. Akiolewa anajulikana kwa la mumewe, na akishazaa anakuwa Mama Fulani. Mtu mmoja, majina matano, na kwa toleo la kwanza la Kabati hao walikuwa watu watano.

Aliyemfumbua macho ni mkunga wa zahanati, Sista Jovina, mzaliwa wa Newala. Tangu zahanati ifunguliwe, Jovina ndiye aliyeshikilia kwamba kila kadi iandikwe jina la mama mzazi wa mgonjwa.

"Kwetu mtu ni wa mamaye," anasema Jovina, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ambo ya mto. "Wewe utabadili majina mpaka uchoke. Aliyekuzaa hubadilishi."

Mwanabaraka akalichukua neno hilo akaliingiza katika toleo la pili. Sasa Kabati likawa linatafuta kwa jina la mama, mahali pa kuzaliwa na mwaka, na likikuta kadi mbili za mtu mmoja linaziunganisha. Akaona amemaliza kazi. Akatembea kichwa juu.

Halafu ikaja ile Jumanne ya Machi.

Wakati huo kibaraza kilikuwa na mabenchi mawili. La kwanza lilikuwa la wenye mimba ya kwanza, ambao huchukua muda mrefu kupimwa na kuelezwa mambo. La pili lilikuwa la waliokwisha kuzaa. Mwanabaraka alisimama mlangoni, akaita jina, akataja na benchi.

Binti wa Masasi alifika na mama mkwe wake, akajiandikisha kwa jina la ubatizo na la ukoo wa mumewe. Akasema ni mimba ya kwanza. Kabati likatafuta, likaikuta kadi ya 1993 yenye jina la unyagoni, likaziunganisha. Ilikuwa mara ya kwanza kwa toleo la pili kupata kitu, na Mwanabaraka alifurahi kupita kiasi.

Akatoka mlangoni, akayaita majina yote mawili, la sasa na la zamani. Akasema, "Benchi la pili, mwanangu."

Mama mkwe akasema, "Benchi la pili la nini? Huyu mimba yake ya kwanza."

Mwanabaraka akajibu kwa sauti ya kibaraza kizima kusikia: "Kompyuta haidanganyi, mama. Alizaa hapa hapa mwaka tisini na tatu."

Hapo anaposimulia, anasimama, anakichukua kile kitambaa chake cha kufuma, anakikunjua na kukikunja upya.

"Nilimwona yule binti uso unavyobadilika," anasema. "Mama mkwe akainuka. Akamshika mkono, wakaondoka. Na mie bado nimesimama mlangoni na karatasi yangu, najiona nimefanya jambo la maana. Ilikuwa mpaka Jovina akaniambia, 'Mwanabaraka, umefanya nini?' Ndipo nikajua. Nililia, na sikulia kidogo."

Habari za Mtoni hazihitaji gazeti. Kabla ya swala ya alasiri, mitaa yote ilikwisha kusikia kuwa Afueni kuna mashine inayofichua wanawake. Wajawazito waliokuwa wakifika arobaini kila Jumanne wakashuka hadi kumi na tisa, na hao waliobaki wakaanza kudanganya. Wiki moja walijiandikisha watu wanne ambao mama zao wote waliitwa Hawa.

Dokta Valerian akamwita. Hakufoka. Alimwambia ana hadi mwisho wa Julai. Wanawake wasiporudi, kompyuta inarudi kwenye boksi lake na makabati ya mbao yanapigwa dawa ya mchwa.

"Kompyuta ingerudi kwenye boksi nisingekufa," anasema Mwanabaraka. "Kilichokuwa kinanikosesha raha ni yule binti. Kadi yake nimeisoma, najua kilichompata. Nikawa najiambia, huyu akifia ndani mwao, nimemuua mie na mdomo wangu."

Jumapili moja ya Aprili, saa kumi jioni, yeye na Jovina walichukua kilo mbili za sukari wakaenda kuomba radhi. Walipiga hodi, wakakaribishwa uani, wakapewa mkeka. Binti alikuwa ndani, nyuma ya pazia. Walimsikia akikohoa, hakutoka.

Mwanabaraka aliamkia, akasema kosa ni lake. Mama mkwe alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema maneno ambayo Mwanabaraka ameyashika kichwani neno kwa neno.

"Mie sikukasirika kwa kuwa mkwe wangu alizaa. Nimezaa, nimezika, nayajua. Nimekasirika kwa kuwa habari ya ndani ya nyumba yangu nimeipata kibarazani, wanawake thelathini wakaisikia pamoja nami. Hata nafasi ya kujifanya najua sikupewa."

Jovina, ambaye hajui kunyamaza, akatia neno: "Lakini mama, mficha uchi hazai."

"Kweli, mwanangu," akajibu mama mkwe. "Lakini uchi anaonyeshwa mkunga. Haonyeshwi kibaraza."

Sukari aliipokea. Radhi hakutoa.

Kesho yake Mwanabaraka alianza toleo la tatu.

Lilimchukua miezi mitatu, kila siku kuanzia saa nane mchana wagonjwa wanapopungua hadi saa kumi na moja jioni. Siku za mgao wa umeme aliandika kwa penseli nyuma ya karatasi za dawa, na umeme ukirudi akachapa. Leo mapya yote ya toleo hilo yapo ukutani, kwenye karatasi ya manila, kwa mwandiko wake wa duara, Kiswahili kitupu, kila mgonjwa ajisomee.

La kwanza kwenye karatasi hiyo ni hili: "Kila mtu atachagua jina la kuitiwa. Hilo tu ndilo litakaloitwa mlangoni."

Majina mengine, hadi sita, yanabaki ndani, na habari za uzazi pamoja nayo, nyuma ya neno la siri linalojulikana na watu wawili, yeye na Jovina. Dokta Valerian alipoliomba alijibiwa apitie kwa Jovina. Siri ya mtungi aijuaye kata, na Mwanabaraka ameamua kata ziwe mbili tu.

La pili linahusu umeme. Toleo la zamani lilikusanya kadi za asubuhi nzima na kuzihifadhi zote pamoja saa sita mchana. Umeme ukikatika saa tano na dakika hamsini, kazi yote imekwenda na maji. Mwaka jana walipoteza kadi mia mbili na kumi na mbili kwa siku moja. Sasa kila kadi huandikwa papo hapo, kwanza kwenye daftari dogo lililomo ndani ya ghala, kisha mahali pake. Umeme ukikatika katikati, Kabati likiamka linasoma daftari hilo na kumalizia lilipoishia, halafu linazihesabu kadi zote kabla halijaruhusu mtu kugusa kitu.

Na ni jepesi zaidi. Zamani kutafuta kadi moja kulichukua dakika nne, kwa sababu programu ilizipitia zote tangu ya kwanza. Siku hizi linayo faharasa ya majina ya mama, kama ile ya mwisho wa kitabu, na jibu linakuja kwa sekunde tisa. Jovina amezihesabu kwa saa yake ya mkononi ya kupimia mapigo ya moyo, maana naye haamini mpaka aguse.

Mstari wa mwisho wa karatasi haumo ndani ya kompyuta hata kidogo. Umeandikwa: "Mabenchi yameunganishwa." Na ndivyo yalivyo. Fundi seremala aliyaunga kwa mbao mbili, likawa benchi moja refu, na anayetangulia kufika ndiye anayetangulia kuingia.

Baada ya kuibandika karatasi, Mwanabaraka alinakili maneno hayo hayo kwenye kipande cha karatasi na kukipeleka kwa mama mkwe, akakiacha mlangoni bila kupiga hodi.

Hiyo ilikuwa Ijumaa iliyopita.

Saa tatu inapita. Mwanabaraka ameandikisha wanawake kumi na watano, wote wenye kadi za zamani, mmoja mmoja, mlango umefungwa, wanazungumza kwa sauti ya chini. Kisha anatoka na kuita jina moja moja. Wengine wamechagua majina ya kawaida. Mmoja kachagua kuitwa Malkia, kibaraza kizima kikacheka, na Malkia mwenyewe akainuka kwa madaha tumbo mbele. Siku nyingi hapajacheka mtu hapa, anasema Jovina.

Saa nne kasoro robo geti linalia.

Anaingia mwanamke mzee mwenye mwavuli mweusi. Nyuma yake, akitembea taratibu na mkono mmoja kiunoni, ni binti mwenye tumbo kubwa. Wanawake wawili wanasogea, nafasi inapatikana, wanakaa. Mama mkwe anaufunga mwavuli na kuuweka magotini.

Mwanabaraka amesimama mlangoni, anawatazama tu. Inabidi Jovina amguse bega.

Mwandishi alibaki nje mlango ulipofungwa. Yaliyotokea ndani ameyaandika kwa ruhusa ya wote watatu waliokuwamo: Mwanabaraka, binti na mama mkwe wake.

Binti alitaja jina la mama yake mzazi, mahali na mwaka. Sekunde tisa. Kioo hakikuonyesha jina la zamani wala habari ya 1993. Kilionyesha mstari mmoja, JINA LA KUITIWA, na nafasi tupu mbele yake.

"Nikuite nani, mwanangu?" Mwanabaraka aliuliza.

Binti akasema jina. Mwanabaraka akalichapa, akabonyeza kitufe. Papo hapo kioo kikazima, na feni ya dari ikaanza kupunguza mwendo hadi ikasimama. Umeme umekatika.

Kule kibarazani mtu akasema, "Haya, mambo yale yale." Mwingine akaanza kutafuta kandambili zake.

Mwanabaraka alitoka akasimama mlangoni. "Naombeni msiondoke," alisema. "Kila kitu kipo. Ngojeni muone." Alisema kwa uhakika mkubwa.

Binti na mama mkwe walirudi kukaa benchini, wote wakangoja dakika thelathini na tano. Mama mkwe aliwagawia waliokaa karibu naye karanga kutoka kwenye pochi yake. Hakuna aliyeondoka.

Feni ilipoanza kuzunguka, wanawake kama sita walijisogeza dirishani. Herufi za kijani zikaja. KABATI LINASOMA DAFTARI. SUBIRI. Kisha: KADI 3,417. ZOTE ZIPO. ILIYOANDIKWA MWISHO, JINA LA KUITIWA: YUSTINA.

Mwanabaraka akavuta pumzi, akatoka mlangoni, akaita kwa sauti ya kawaida, kama anayemwita mtu wa nyumbani: "Yustina."

Binti akainuka. Mama mkwe naye akainuka akamshika mkono, wakaingia pamoja chumba cha mkunga.

Jovina alikwisha kulifungua faili la 1993. Hakuwa na haja ya kulisoma. Mwaka ule yeye ndiye aliyekuwa zamu. Mtoto alikuwa wa kike, akaishi siku mbili, na alipoona hali imekuwa mbaya Jovina alichukua maji kwenye bakuli la chuma akambatiza mwenyewe. Mama wa mtoto, hali anavuja damu, ndiye aliyetaja jina. Alisema aitwe Yustina.

"Miaka minne sijalisikia jina hilo likitajwa na mtu," anasema Jovina. "Leo limeitwa kibarazani, mchana kweupe, na mtu akaitika."

Jovina alimpima, akamwandikia barua ya kwenda kujifungulia hospitali kubwa yenye damu na daktari wa upasuaji. Atalazwa wiki mbili kabla ya siku zake. Mama mkwe aliikunja barua akaitia kwenye pochi, pamoja na karanga.

Adhuhuri Mwanabaraka anaonyesha disketi tano alizozipanga mezani. Ana mpango wa kulitoa Kabati bure kwa zahanati yoyote yenye kompyuta, na zahanati moja ya Ukonga na nyingine ya Kipawa zimekwisha kumtumia watu. Sharti lake ni moja, kwamba na mabenchi yaunganishwe. Toleo la nne ameanza kuliwaza, ingawa kaka yake anamwuliza kama matoleo haya yana mwisho.

"Mambo ya baadaye hayo," anasema. Anafungua kadi ya mwisho iliyoandikwa leo, anaingiza neno la siri huku amemgeuzia mwandishi mgongo, kisha anaonyesha kwa kidole nafasi moja tu iliyo tupu upande wa chini. Pameandikwa: MAMA NA MTOTO.

"Agosti nataka nichape hapo neno moja, 'wazima'. Nikilichapa hilo, nitalala."

Binti wa Masasi na mama mkwe wake walikuwa wamefika getini mwandishi alipowafuata kuomba ruhusa ya kuandika habari hii. Binti alimwangalia mama mkwe kwanza. Mama mkwe aliufungua mwavuli, akasema, "Zungumza mwenyewe."

"Jina hilo liandike," alisema binti. "Na uandike lilikuwa la nani, ijulikane alikuwepo. Mengine yote yaache humo humo kabatini."